Uyoga Mchungu na Maneno Kumi ya Kadutu

Vijana wangu, kila mkija kunisalimia hapa nyumbani mnaniuliza swali lile lile: Maman Nzigire, uyoga unaponya usahaulifu au hauponyi? Mnataka ndiyo au hapana, mlitie jibu kwenye simu zenu, mwende zenu. Kaeni kwanza. Chai iko kwenye moto. Nimefanya kazi ya labo karibu maisha yangu yote, na miaka mingi zaidi, ile ninayoikumbuka kwa hamu kuliko yote, niliitumikia kwenye uyoga. Jibu mnalolitaka lipo, lakini sehemu yake niliiharibu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na siwezi kuwapa jibu bila kuwaeleza nilivyoliharibu.

Labo yetu ilikuwa na vyumba vitatu na banda moja la mabati, juu ya mteremko unaotazama ziwa. Mvua ya Bukavu ikianza kupiga yale mabati, hamsikilizani tena, mnaongea kwa mikono. Bwana wa banda alikuwa Papa Zihindula. Alikuwa seremala kabla ya kuwa mtu wa uyoga, na hakuwa na diploma yoyote ya kutundika ukutani. Nilipotumwa kwake mara ya kwanza, msichana mwenye blauzi, lile koti jeupe la labo, iliyopigwa pasi, alinitazama toka kichwani hadi viatuni akasema, "Karibu, mademoiselle. Ile blouse, iage. Kesho hautaitambua."

Na kweli sikuitambua.

Uyoga wetu haukuwa wa kula. Ule laini mnaoununua sokoni Kadutu, unaopikwa kwa mafuta ya mawese, huo ni mwingine. Wetu ulikuwa ule mgumu unaoota kwenye magogo, mwekundu-kahawia, juu unang'aa utadhani umepakwa vernis, ile rangi ya kung'arisha mbao, na mchungu mpaka masikio yanasimama. Tuliuotesha kwenye vumbi la mbao. Vumbi tulilichota kwa maseremala, tukalichanganya na pumba za mahindi kutoka Luvungi, tukalilowesha maji. Mnaniuliza maji kiasi gani, mnataka litra. Mimi nawaambia: kamata konzi moja, kamua. Likitoa tone moja au mawili, sawa. Likitiririka, umepika supu, anza upya. Halafu mifuko, halafu pipa la mvuke tangu asubuhi mpaka saa za mchana, halafu unangoja ipoe kabisa ndipo unatia mbegu. Ukitia mbegu kwenye mfuko wa moto, umeziua, na hata ukisali rozari nzima hazitafufuka.

Mwaka wangu wa kwanza nilileta vumbi la mbao kutoka kwa fundi mmoja karibu na soko bila kumuuliza alikuwa akitengeneza nini. Alikuwa akipiga vernis majeneza. Mifuko yote ya mwezi ule ilikufa, ukungu wa kijani ukatanda. Papa Zihindula hakunigombeza. Alinipa koleo, akanionyesha mahali pa kuchimba nyuma ya banda, akanilazimisha kuzika mifuko mmoja mmoja, na kila mmoja niuambie pole. Wenzangu wa labo walitoka kuja kutazama. Nilitaka ardhi inimeze, lakini tangu siku ile sikununua tena vumbi bila kulinusa.

Kunusa ndiyo ilikuwa shule yake. Alinifunga kitambaa machoni, ananiwekea mifuko puani. Mfuko mzima hunuka msitu baada ya mvua. Ulioharibika hunuka kasiksi, ile pombe ya ndizi, siku tatu kabla ya jicho kuona doa lolote. "Macho inadanganyaka," alikuwa akisema. "Pua, hapana." Leo mna mashine za kupima kila kitu na ninawaonea wivu kidogo. Lakini courant ya umeme ikikatika mnakaa mkitazamana, na sisi tulikuwa tunaendelea na kazi. Mara nyingine nikipita mahali wanapopasua mbao, natulia dakika nzima barabarani nikinusa, watu wa pikipiki wananipigia honi.

Basi, pua hiyo ndiyo iliyoniponza.

Docteur Murhula alikuja kwetu akiwa tayari na mvi. Alikuwa daktari wa magonjwa ya ubongo, mrefu, sauti ya chini, anaandika kila kitu hata ulichokula. Alikuwa amesoma kwamba mahali pengine watu wanaupima uyoga huu kama unaweza kusaidia kumbukumbu, kwa panya na kwa wazee, na wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema subirini. Yeye alitaka kujua kwa wazee wetu. Akatupangia kazi. Nusu ya wazee watapewa unga wa uyoga, nusu watapewa unga wa muhogo uliokaangwa, na hakuna atakayejua nani anakula nini: si mzee, si sisi tunaopeleka. Namba tu juu ya pakiti. Maana za namba hizo zimefungiwa katika bahasha kwenye kabati lake. Na ili muhogo usijulikane kwa utamu wake, tulichanganya na majani makavu ya mubirizi, na mnajua mubirizi ulivyo mchungu.

Kila Jumatatu nilipeleka pakiti za wiki nzima. Kila mwisho wa mwezi nilirudi na daftari la maswali. Maswali yenyewe yalitoka kwenye Kifaransa, na mwanzoni tuliyatafsiri kama wajinga. Nilimwuliza mzee mmoja, "Tuko mu saison gani?" Akaniuliza, "Saison ya nini? Ya kupanda maharagi ao ya kuvuna?" Nikamwambia chagua. Akasema, "Mtoto yangu, ukikuja kwangu bila kujua maharagi iko wapi mu shamba, ni weye mugonjwa." Nikamwandikia sifuri, Docteur akaifuta, akacheka mpaka akavua miwani. Mwingine nilimwomba achore saa. Akachora mnara wa kanisa na kengele, kwa sababu ndiyo saa aliyoitumia miaka themanini. Tukabadilisha maswali mara mbili, mara tatu. Lililobaki bila kubadilishwa ni lile la maneno kumi: namsomea mzee maneno kumi, tunaongea mambo mengine, baada ya dakika kumi namwomba ayarudishe. Mbuzi, kijiko, ngazi, mvua, kitambaa, nyundo, ndizi, kengele, barua, mlango. Tulikuwa na orodha mbili tu, tunazibadilishana mwezi kwa mwezi. Nyinyi mkifanya kazi hii, tengenezeni kumi na mbili. Mtaona kwa nini.

Sasa nifike pale ninapoona haya.

Mama yangu alikuwa anaishi Kadutu, mtaa wa juu kabisa, njia ya kupanda mpaka magoti yanalia. Alikuwa ameanza kupotea. Alitia chumvi kwenye maharagwe mara tatu. Aliweka sufuria kwenye moto akaenda misa. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa nikiwa bado mtoto, akaniuliza kwa nini nimechelewa kurudi kutoka kisimani. Nilimjibu kwamba foleni ilikuwa ndefu. Halafu nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Sheria ya Docteur ilikuwa wazi: ndugu wa mfanyakazi haingii kwenye utafiti. Lakini kwetu sisi Bashi mwanamke anabaki na jina la baba yake. Mama yangu aliitwa M'Lushombo, binti Lushombo. Mimi ni Nzigire. Katika karatasi zote za labo hakuna herufi moja iliyotuunganisha. Nikamwandikisha. Akapimwa kama wengine, akaelezwa, akatia kidole gumba kwenye karatasi, akapewa namba. Nilijiambia, ana haki kama mzee mwingine yeyote. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na makosa, vijana wangu, hayapendi kukaa peke yake.

Jumatatu ya tatu, nikipanda mteremko na mfuko wa pakiti, nilitoa pakiti yake nikainusa. Sikuwa na mpango. Pua ilifanya kazi iliyofundishwa. Kupitia karatasi ile nene nilinusa mubirizi na muhogo. Nilisimama pale njiani, watu wananipita na magunia yao, nikajua kwamba mama yangu anakula muhogo na kumbukumbu yake inaondoka kila siku.

Jumatatu iliyofuata nilichota unga wa uyoga kutoka kwenye sanduku la kukaushia, nikafunga pakiti saba zinazofanana kabisa na zile nyingine, nikaandika namba yake. Zile za muhogo nikazimwaga chooni. Nikafanya hivyo kila wiki.

Na mama akaanza kupona! Mwezi ule wa pili alirudisha maneno manne. Wa tatu, saba. Wa nne nilipomaliza kusoma, tukaongea habari za mvua na za jirani aliyeozesha, halafu nikamwuliza, na akayarudisha yote kumi, kwa mpangilio, huku akitikisa kichwa. Niliacha kalamu. Nilimkumbatia, na mpimaji hakumbatii. Niliteremka Kadutu siku ile kama mtu asiye na uzito.

Docteur naye alikuwa na furaha, lakini kwa sababu nyingine. Alinifungulia daftari: wazee wote wa mtaa ule wa juu, kumi na mmoja, walikuwa wamepanda. Wote. Wale wa kule Kalehe na wa mitaa mingine hawakusogea. Alizunguka meza mara mbili, akasema, "Maman Nzigire, hii ni nini tena? Hata bale ba namba ya farini ya muhogo banapanda!" Maana bahasha alikuwa ameifungua yeye, apate kuelewa. Halafu furaha ikamtoka usoni taratibu, akakaa. "Kuna kitu. Enda uangalie. Usipige maswali, angalia tu."

Nilikwenda Jumatano, siku ambayo hawakuzoea kuniona. Ni siku ya shirika, kikundi cha sala cha mtaa, na zamu ilikuwa kwa mama yangu. Niliwasikia kabla sijafika mlangoni. Walikuwa wamemaliza rozari, na wanawake wazee wale wote walikuwa wakiimba kwa sauti ya litania, mmoja anaanzisha, wengine wanaitika:

"Mbuzi na kijiko!"

"Utukumbushe!"

"Ngazi na mvua!"

"Utukumbushe!"

Mama yangu alikuwa katikati, amefunga macho, anapiga makofi.

Mwenye shirika alikuwa Maman Bora, jirani yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Aliponiona hakushtuka hata kidogo. "Karibu, maman wa dawa! Tuko tunafanya répétition, mazoezi."

"Répétition ya nini, maman?"

"Ya examen yako! Mwezi wa kwanza, M'Lushombo alipata mbili. Mbili juu ya kumi! Alilia hapa. Tukasema, apana, mutu wa shirika yetu hawezi kupata haya mbele ya docteur. Tukamufundisha. Sasa tunajua yote, ile ya mbuzi na ile ingine ya kikapu."

Nikamwuliza, "Na dawa? Munakunywaka namna gani?"

Akanionyesha sufuria kubwa kwenye mafiga. Uji. Kila mmoja alikuwa akileta pakiti zake, wanazipasua zote, wanazimimina kwenye uji mmoja, wanakoroga, wanagawana. "Mutu hakulake yeye moja, maman. Na ile dawa iko mukali, mu bouillie inapita muzuri. Mbona unasimama? Ikala, utakunywa kidogo."

Nilikaa. Uyoga niliouiba kwa ajili ya mama yangu ulikuwa umeliwa na wanawake kumi na mmoja, na muhogo wa wengine aliula yeye. Nikamgeukia, nikamwambia, "Mama, tuseme maneno yetu sisi wawili, bila wimbo." Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. Bila wimbo hakuwa na neno hata moja.

Njia nzima ya kuteremka nilikuwa nikipanga la kusema. Na shetani hakulala: akanionyesha kwamba sufuria ile imenisafisha. Mtaa ule utafutwa kwenye hesabu kwa sababu ya uji na litania, Docteur atacheka, na hakuna atakayejua kwamba mimi nilibadilisha pakiti. Nikaingia bandani kwanza kumsimulia Papa Zihindula habari ya uji, nikiifanya ya kuchekesha. Hakucheka. Alikuwa akipanga uyoga mkavu juu ya mizani.

"Tangu miezi mine," akasema, "kila lundi, Jumatatu asubui, unga iko inapunguka hapa. Panya haichukuake na kijiko."

Nikaacha kucheka.

"Nilikuwa nangoja utaniambia. Sikutaka kukutangulia kusema, juu nilijua ni kwa ajili ya mama." Akaendelea kupanga. "Lakini Docteur anaandika bitu ile na batu batakula dawa juu ya maandiko yake. Bamama ba bengine."

Hakuongeza neno. Nilivua blauzi ya labo, nikaikunja, nikaenda nayo mkononi mpaka mlango wa Docteur, nikidhani sitaivaa tena.

"Docteur, M'Lushombo ni mama yangu."

"Mama yako wa kukuzaa?"

"Njo yeye. Na pakiti zake nilibadilisha. Nilinusa."

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kwa upindo wa koti. Nilitamani apige kelele. Akasema polepole, "Unajua uliniibia nini? Si buyoga. Kama mama angepona, hatungejua nini ilimuponesha. Na kama hangepona, hatungejua nini ilishindwa. Ulifunga milango yote mbili, na mama yako iko ndani."

Hakunifukuza. Alinitoa kwenye pakiti na kwenye daftari, akanirudisha bandani kwenye vumbi la mbao, chini ya Papa Zihindula, na huko ndiko nilikomaliza kazi yangu. Mtaa ule wa Kadutu aliuondoa wote kwenye hesabu na akaandika kwa nini, bila jina langu. Kwa wazee waliobaki alikuta tofauti ndogo, ndogo mno, na waliobaki walikuwa wachache. Akaandika kwamba hatuna hakika. Watu walikasirika, walitaka dawa. Mimi niliyesoma karatasi ile mara nyingi kuliko mtu yeyote nawaambia: hatuna hakika, na tungekuwa karibu zaidi na hakika kama si mimi. Hilo ndilo jibu lenu. Msiende kuuza uyoga sokoni mkisema Maman Nzigire amewatuma.

Mnafikiri nimemaliza. Bado.

Mwisho wa utafiti Docteur aliamua kuwaaga wazee wale mwenyewe, hata wale aliowaondoa, kwa sababu walikuwa wametia kidole kwake na heshima ni heshima. Aliniambia nimsindikize. Alipanda Kadutu akipumzika kila kona. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, amevaa kikwembe kizuri, Maman Bora amemchana nywele. Docteur akamsalimia kwa Mashi, lugha yetu, akaketi mbele yake, akamsomea maneno kumi mapya ambayo hakuna shirika lililokuwa limeyaimba. Wakaongea. Akamwomba ayarudishe. Mama akatabasamu tu, akakunja mikono.

"Si kitu, maman," Docteur akasema. Halafu akanionyesha mimi kwa mkono. Nadhani alitaka kunipa zawadi. "Na huyu ni nani?"

Mama alinitazama. Uso wake ukafunguka, ukajaa furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Huyu minamujua! Ni ule maman mwenye kuniletea dawa ku siku ya lundi."

Docteur aliinamisha kichwa. Maman Bora akaanza kusema, "Apana, huyu ni mtoto yako," nikamshika mkono anyamaze. Miezi ile yote nilikuwa nimepanda mteremko na pakiti na daftari, nimempima, nimemhesabia, nimenusa karatasi zake, na sikuwa nimekaa naye siku moja bila kitu mkononi. Alijua alichofundishwa.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi."

Kesho yake nilipanda tena. Haikuwa Jumatatu. Aliniona toka mbali, akanyoosha kiganja.

"Dawa iko wapi?"

"Leo hakuna dawa, mama. Nimekuja tu kuikala na weye."

Akafikiri. Halafu akavuta kikwembe chake, akasogea mpaka ukingoni mwa benchi.

"Basi ikala," akasema.

Nikakaa.